Nilipewa pesa ya kulanti nikanunua bando: historia fupi ya pikapu za Ukambani

Wacha nianze kwa kukiri. Mwaka wa 2022 baba alinipa pesa ninunue kulanti ya pikapu. Nikanunua bando. Redieta nikaijaza maji ya kisima, nikafunga kifuniko, nikarudi kwa simu yangu. Miezi michache baadaye silinda hedi ilipasuka, na pesa iliyonunua nyingine ilikuwa ya karo yangu. Ndiyo maana ukiniuliza leo nilisomea nini chuo, nitakwambia nilisoma mpaka mwaka wa pili.

Sitataja pikapu yetu ni ya kampuni gani, maana wenye hiyo gari watanimaliza na wasio nayo watacheka. Tena gari haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nitalieleza lote. Lakini kwanza turudi nyuma, kwa sababu sikuelewa nilichoharibu mpaka nilipojua pikapu ilifikaje kwetu na ilikuta nini.

Kwetu ni Kitui Kusini, upande wa Mutomo. Ukishuka kupitia Ikutha unavuka mto Athi, unaingia Makueni, unatokea Kibwezi kwenye barabara kuu ya Mombasa. Siku hizi kuna lami. Wenye umri wangu tunaikumbuka hiyo njia ikiwa vumbi tupu, ukifika Kibwezi nyusi zako zimekuwa nyekundu kama udongo.

Biashara ya kubeba vitu kutoka Kitui kwenda pwani ni ya zamani kuliko gari yoyote. Shuleni ulisoma habari za Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu Mombasa. Mmisionari Ludwig Krapf alikuwa mgeni wake mwaka wa 1849, na ni akiwa huko Kitui ndipo akauona Mlima Kenya. Kitabu kinasimulia mlima na pembe. Wale waliobeba mzigo kwa miguu yao siku baada ya siku hawatajwi, na mgongo wa binadamu ndio uliokuwa pikapu ya kwanza ya Ukambani.

Sasa sikia kitu ambacho hakikuwa kwenye mtihani. Wakamba huipa kila njaa kubwa jina. Ya 1961 inaitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Ukame ulikuja, halafu ukafuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikaangushwa kutoka angani. Hebu fikiria hilo jina. Watu hawakuikumbuka njaa kwa mmea uliokauka. Waliikumbuka kwa chombo kilicholeta chakula.

Halafu kuna ile ya karibu mwaka wa 1980. Inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Susu wangu huisimulia akikunja ngumi, anakuonyesha vile noti zilivyokuwa hapo ndani. Watu walikuwa na shilingi kiganjani na hakuna mahindi ya kununua. Chakula kilikuwa haba nchini, na wewe unakaa mwisho wa barabara mbovu, kwa hiyo wewe ndiye wa mwisho kufikiwa.

Ukishaelewa majina hayo mawili, umeelewa kwa nini mzee wa kijijini huiangalia pikapu tofauti na wewe wa Nairobi. Wewe unaona rimu. Yeye anaona umbali kati ya pesa na unga.

Pikapu ambazo wazee wetu huzitaja kwanza ni Peugeot. Na sifa hiyo ilijengwa hapa hapa, kwa macho ya watu. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mbio hizo hazikuwa kwenye uwanja wenye uzio na tiketi kama unavyojua wewe. Zilipita kwenye barabara za kawaida, matope na vumbi lile lile ambalo mwalimu na mwenye duka walipitia kila wiki. Gari ikishinda humo, hakuna tangazo la kuzidi hilo. Baadaye 504 ikaja, na pikapu yake ikawa mfalme wa masoko ya mashambani: springi za majani kule nyuma, uwezo wa kubeba zaidi ya tani moja, injini ambayo fundi angeifungua chini ya mwembe na spana chache. Ziliunganishwa hapa Kenya mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Katikati ya miaka ya 1970 ndipo viwanda vya kuunganisha magari viliposimama: Leyland kule Thika, AVA Mombasa, na General Motors Nairobi, hicho ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Mwaka wa 1973 Rais Kenyatta alikuwa ameshatoa amri kwamba matatu zifanye kazi bila leseni ya uchukuzi. Weka hayo mawili pamoja uone kilichotokea. Pikapu ikawekewa fremu ya chuma, turubai juu, mabenchi mawili ya mbao mkitazamana, na konda ananing'inia nyuma. Siku ya soko watu wanakaa, mbuzi wanalala chini ya miguu, magunia yanapanda juu. Gari moja ilikuwa matatu, lori na ambulensi. Mwaitu alipelekwa hospitalini kunizaa mimi nyuma ya pikapu ya jirani, juu ya godoro lililotandikwa kwenye magunia matupu. Mpaka leo anasema alihesabu mashimo yote.

Sasa tuje kwa ile sakafu yenyewe, kwa sababu nyuma ya pikapu ndiko historia ilikobaki ikiandikwa.

Bodi ya nyuma inatoka kiwandani ikiwa bati lililopakwa rangi. Kwetu hilo bati lina maadui watatu. Wa kwanza ni mchanga. Mchanga wa mtoni, ule wa kujengea, ni kama msasa. Kila ukipigwa koleo unakwangua rangi mpaka chuma kibaki uchi. Wa pili ni mbuzi na ng'ombe. Mkojo wao una chumvi, unaingia kwenye maungio na kukaa humo. Wa tatu ni maji yanayosimama, maana bodi ikishabonyea, kila shimo dogo linakuwa bwawa.

Wazee walijibu kwa walichokuwa nacho. Kwanza magunia ya mkonge. Halafu mbao, zilizofungwa kwa boliti ili zing'olewe na kuoshwa. Halafu vipande vya mpira kutoka kwa matairi makuukuu. Mafundi wa jua kali walipopata mashine za kuchomelea, ikaja bamba nene la chuma lenye vijinundu, lile unaloliona mpaka leo, likachomelewa juu ya sakafu nzima. Na chini ya gari, kwenye chesisi, walipaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Inachafua nguo, inanuka, inachafua udongo pia, lakini ilizuia kutu.

Leo kuna vifuniko vya plastiki vya kutumbukiza ndani ya bodi, vyeusi, vinapendeza kwa picha. Nisikilize vizuri hapa. Plastiki ile ikikaa bila kuondolewa, mchanga na maji hupita pembeni na kunaswa chini yake. Gari ikitikisika, ule mchanga unasaga rangi polepole, na wewe juu unaona plastiki safi tu. Siku ukiitoa, unaona barabara kupitia sakafu. Kama unayo, itoe kila baada ya muda, osha, kausha, angalia matundu ya kutolea maji kama yako wazi. Ile ya kupulizwa inayoshikana na chuma haina hiyo shida, mradi fundi asafishe kutu kabla ya kupuliza. Akipuliza juu ya kutu, amekufungia ugonjwa ndani ya blanketi.

Baba yangu hana plastiki. Ana mbao sita zenye namba zilizoandikwa kwa rangi, moja mpaka sita, na kila Jumapili mchana zinatoka, zinaegemezwa ukutani, bodi inaoshwa. Nilipokuwa mdogo niliona ni ushamba. Majirani wanapumzika, sisi tunaosha mkojo wa mbuzi.

Turudi kwa injini. Miaka ya 1980 na 1990 dizeli za Japani ziliteka barabara: Toyota, Isuzu, Nissan. Dizeli ya wakati huo ilikuwa rahisi kuielewa. Haina cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, pampu inasukuma mafuta, yanawaka yenyewe. Hakuna kompyuta. Asubuhi ya baridi unasubiri hita plagi zipate moto, unawasha. Betri ikifa unasukumwa. Pampu na nozo ni vyuma tupu, na fundi wa Emali, Wote au Mwingi alijua kuvifungua na kuvifunga. Hakufundishwa na kiwanda. Alijifunza kwa kuharibu za watu wawili watatu, tuwe wakweli, halafu akawa hodari.

Mashine hiyo ilikuwa na masharti manne tu. Hewa safi, oili safi, mafuta safi, maji safi. Ndivyo baba hunihesabia kwa vidole, na kwetu yote manne ni vita.

Hewa: njia ya vumbi inaziba ea klina haraka mno, na vumbi likipita linakula silinda. Gari nyingi za zamani zilikuwa na ea klina yenye oili chini, vumbi linanaswa humo, unaiosha nyumbani. Oili: ukibeba mizigo mizito kwenye joto la Kibwezi, usingoje ile tarehe iliyoandikwa kwa ajili ya gari ya mjini.

Mafuta: hapa kuna historia ya aibu. Mafuta ya taa yalikuwa na bei nafuu kuliko dizeli kwa sababu ndiyo maskini alitumia kuwasha taa na kupika. Wajanja wakaanza kuyachanganya na dizeli. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Mafuta ya taa ni mepesi, yanaiacha pampu ikisagika chuma kwa chuma. Mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua huo mchezo. Pampu zikapumua. Lakini susu wangu, ambaye hajawahi kuchanganya kitu chochote na dizeli ya mtu, akaanza kulipa zaidi kuwasha taa yake. Hiyo pia ni historia ya pikapu, na sijawahi kuona mtu akiihesabu.

Kabla ya hapo sheria ilikuwa imeshabadilisha kazi ya pikapu yenyewe. Kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila gari ya abiria ilitakiwa kuwa na mikanda na kidhibiti mwendo. Benchi la mbao halina mahali pa kufunga mkanda. Sitabisha, watu walikuwa wanakufa barabarani na ile sheria iliokoa roho. Lakini mjini nafasi ya zile matatu mbovu ilichukuliwa na gari nyingine; mashambani tulisubiri. Kisha kodi ya pikipiki ndogo ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 2000, boda boda zikajaa, na Probox zikafuata. Pikapu ikabaki na kile ambacho hakuna mwingine alikuwa anaweza kubeba: ndengu, mchanga, mifugo, tangi la maji.

Na sharti la nne ni maji. Hapa ndipo mimi naingia kwenye hii historia, vibaya.

Nyumbani kulikuwa na mtungi wa lita 20 chini ya mchirizi wa paa. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata kama nyumba nzima haina maji ya chai. Ulikuwa wa redieta. Baba alichanganya kulanti na maji ya mvua tu. Mimi nilifikiri ni ubahili wa mzee. Ukweli ni kwamba visima vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi. Angalia birika la nyumba inayochemsha hayo maji, utaona ukoko mweupe ndani. Redieta ina vijinjia vyembamba kuliko mrija wa soda. Ukoko ule ukijaa humo, maji hayazunguki, joto halitoki, na hedi inaanza kupika.

Mwaka wa 2022 ulikuwa ukame mbaya, mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu. Mtungi ukaisha, na kwa mara ya kwanza haukujazwa tena na mvua. Ndipo baba akanipa pesa ya kununua kulanti iliyochanganywa tayari. Nilikuwa likizo, nimeanza kutengeneza video, bando imeisha. Ukweli ndio huo, sina maelezo mengine.

Miezi ile tulikuwa tunabeba maji ya kuuza na mengine ya kupewa watu tu, tangi la lita 1,000. Hesabu mwenyewe, hiyo ni tani moja kabla hujaweka tangi lenyewe na mtu wa kukusaidia. Siku hiyo niliendesha mimi. Simu nilikuwa nimeibandika kwenye dashibodi ninirekodi nikipanda kilima. Niliibandika mbele kabisa ya geji ya joto.

Nilijua mambo yameharibika nilipoona mvuke. Nikasimama. Nikangoja kidogo, si vya kutosha, nikafungua kifuniko kwa kitambaa, na kwa akili yangu ya mwaka wa pili nikachota maji baridi kutoka kwa tangi nikamimina. Chuma chenye joto kali kikipoa ghafla upande mmoja, kinajikunja. Nilisikia mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Hiyo ilikuwa karo ya muhula.

Fundi alipofungua redieta, ukoko ulikuwa mweupe kama chokaa. Baba aliuangalia kwa muda. Akaniuliza, "Mwanake, ile kulanti ilienda wapi?" Nikamwambia. Hakunichapa, hakupaza sauti. Aliingia nyumbani akatoka na daftari.

Hilo daftari nilikuwa nimeliona maisha yangu yote na sijawahi kulifungua. Ni la kurasa 200, gamba limeshikwa na gundi ya karatasi. Kila kitu kiko humo tangu aliponunua gari: kilomita, oili, filta, springi iliyovunjika na imevunjikia wapi. Lakini sio hayo peke yake. "Gunia 12 ndengu, Kibwezi." "Mama wa jirani, hospitali, usiku, hakuna malipo." "Mbuzi 9, soko. Karo." Karo hiyo ilikuwa yangu, kidato cha kwanza. "Mbao namba 4 imeoza, imebadilishwa." Miaka karibu ishirini ya kijiji chetu, nani aliugua, mvua ilikosa lini, ndengu zilishuka bei lini, yote imeandikwa kando ya namba za kilomita. Siku hiyo aliandika mstari mmoja: "Hedi imepasuka. Maji."

Hakuandika jina langu.

Najua utaniambia hizo ni stori za gari za kizamani, pikapu mpya haina hayo mambo. Ni kweli injini za sasa ni nzuri, zina nguvu na hazinywi sana. Lakini mfumo wao wa dizeli unasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya baa 1,000, kupitia nozo zenye matundu ambayo jicho haliyaoni vizuri. Mafuta machafu ambayo dizeli ya 1990 ingekohoa nayo mpaka nyumbani, hii mpya yanaiua, na fundi wa chini ya mwembe hana kompyuta ya kuisoma. Kwa hiyo utunzaji haujapungua umuhimu. Kilichoongezeka ni bei ya kosa. Zamani ukikosea ulilala njiani usiku mmoja. Leo ukikosea unauza shamba.

Na hii ndiyo hoja yangu. Tunapenda kusema zile gari za zamani zilikuwa ngumu. Hapana. Zilipata watu wagumu. Peugeot ile ile bila yule mzee wa mbao sita na mtungi wa mvua ingekuwa banda la kuku baada ya miaka mitano. Kilichozuia Nikw'a Ngwete nyingine kwenye boma letu hakikuwa chuma cha Ufaransa wala cha Japani peke yake. Ilikuwa ni mtu anayeamka mapema kupima oili. Mtu huyo hana sanamu, hayuko kwenye silabasi, na sisi watoto wake tunamwona mshamba.

Pikapu ilirudi barabarani na hedi ya mitumba. Mimi chuoni sikurudi. Karo ya kaka yangu mdogo ilikuja mbele, na hiyo ilikuwa haki. Baba anaendesha kidogo siku hizi, magoti yanamsumbua. Daftari limepita kwangu. Mvua za mwisho wa 2023 zilipokuja kwa fujo, kitu cha kwanza nilichofanya kabla ya kutoa simu kurekodi mafuriko ni kusukuma mtungi chini ya mchirizi.

Kama mzee wako ana gari kuukuu, muulize kama ana daftari. Likiwepo, lisome kabla hajaondoka. Kama halipo, keti naye jioni moja uandike. Anza na sakafu: ilibeba nini, na ni nani alilala juu yake.

Mstari wangu wa kwanza kwenye daftari uko hivi: "Redieta imeoshwa. Kulanti mpya. Maji ya mvua, lita 4." Baba aliusoma, akatafuta kalamu, akaongeza kilomita. Nilikuwa nimezisahau.